Mwanajoka na Mlezi Wake: Kauli na Kanuni katika Makuzi ya Dratini

Utangulizi

Mjadala kuhusu michezo ya video umeingia katika idara za fasihi kwa mlango wa uani, na waliojitokeza kuupokea wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza inashikilia kwamba mchezo ni mchezo na fasihi ni fasihi. Kwamba kijana anayebonyeza vitufe ili kumkuza joka wa katuni hana analolisoma, na mhakiki anayemfuata huko anapoteza wakati wake na wa wanafunzi wake. Kambi ya pili, iliyo changa na yenye ari, inajibu kwamba palipo na mhusika anayeanza mdogo na kuishia mkubwa pana riwaya ya makuzi, na kwa hiyo mwanajoka wa mchezo anastahili kuhakikiwa kama anavyohakikiwa kijana yeyote wa riwaya anayetoka kijijini kwenda mjini. Makala haya yanazipinga kambi zote mbili. Ya kwanza imekataa kusoma. Ya pili imesoma picha na maneno, ikadhani imesoma matini.

Hoja inayotetewa hapa ni moja. Katika mchezo wa aina hii mna sauti mbili. Ya kwanza ni kauli, yaani yale ambayo mchezo hutamka kwa maneno ya wahusika, kwa picha na kwa maelezo. Ya pili ni kanuni, yaani yale ambayo mchezo huyaruhusu, huyakataza, huyahesabu na huyapuuza. Kuhusu malezi, sauti hizi hazisemi jambo moja. Kauli husema upendo. Kanuni husema ushindi na umiliki. Mhakiki asiyezisikiliza zote mbili hana haki ya kusifu wala kulaani. Mfano utakaochambuliwa ni wa Dratini, mwanajoka wa mfululizo wa Pokémon, kwa sababu hakuna kiumbe mwingine katika matoleo ya mwanzo ya mfululizo huo ambaye habari za malezi yake zimesemwa waziwazi kama zake, na kwa hiyo hakuna anayeufichua mpishano huo vizuri zaidi.

Matini yenyewe

Matoleo ya kwanza ya Pokémon, yaani Red na Green, yalitengenezwa na kampuni ya Game Freak na kutolewa nchini Japani mwaka 1996 kwa ajili ya Game Boy, mtambo mdogo wa kuchezea wa mkononi. Mbunifu wake, Satoshi Tajiri, alikuwa tangu utotoni mpenzi wa kukusanya wadudu, na asili hiyo haijifichi: mchezaji huzunguka nchi ya kubuni akinasa viumbe, akiwapambanisha na viumbe wa wengine, na kuyaandika majina yao katika daftari. Viumbe wa kwanza walikuwa 151. Miongoni mwao, majoka halisi yalikuwa ya ukoo mmoja tu: Dratini, nyoka mdogo wa buluu, Dragonair, nyoka mrefu wa rangi hiyohiyo, na Dragonite, joka la rangi ya chungwa lenye miguu miwili, kitambi na mabawa madogo.

Dratini hageuki kuwa Dragonair ila afikapo daraja la 30. Dragonair hageuki kuwa Dragonite ila afikapo daraja la 55. Hakuna kiumbe mwingine katika lile kundi la 151 aliyewekewa daraja la juu zaidi ya hilo la kugeukia. Maelezo ya mchezo humwita Dratini kiumbe wa njozi, ambaye wengi hawakuamini kuwa yupo, na husema kwamba hukua kwa kujivua gamba mara kwa mara.

Hapa pana jambo la istilahi linalopaswa kutatuliwa mapema. Neno la Kijapani linalotumiwa na mchezo ni shinka, na la Kiingereza ni lilelile lililokuja kuhusishwa na nadharia ya Darwin ya mwaka 1859. Wanaoandika kwa Kiswahili wamelitafsiri mara mageuko, mara mabadiliko, mara makuzi. Mageuko kwa maana ya kibayolojia ni mambo ya kizazi baada ya kizazi; hayampati mnyama mmoja usiku mmoja. Linalompata Dratini ni kugeuka umbo, kama kiwavi anavyogeuka kipepeo, na mkusanyaji wadudu aliyeubuni mchezo huo alilijua hilo vizuri. Mhakiki anayeandika kwamba Dratini amekua hana budi kueleza ni nini kilichokua. Tabia yake haikukua, kwani hana tabia iliyosawiriwa. Ujuzi wake wa dunia haukukua, kwani haoni chochote ila viwanja vya kupigania. Kilichokua ni idadi. Nayo idadi ilipofika 55, nyoka akaota mabawa ambayo hakuna kitu chochote katika maisha yake ya awali kilichoyatabiri. Riwaya ya makuzi ambayo mhusika wake hugeuka mtu mwingine bila sababu iliyomo katika nafsi yake ingerudishwa na mhariri yeyote makini.

Kulea na kufuga

Kiswahili kinampa mhakiki kipimo ambacho lugha nyingine zinamnyima. Mswahili hulea mtoto, hulea mimba, hulea yatima. Lakini hufuga kuku, hufuga mbuzi, hufuga ng'ombe. Kulea ni kazi ambayo mwisho wake ni kumtoa mleliwa mikononi mwa mlezi: mtoto akishalelewa vyema huwa mtu, hujitegemea, na anaweza hata kumpinga aliyemlea. Kufuga ni kazi ambayo mwisho wake umo mikononi mwa mfugaji: maziwa, nyama, mayai, ulinzi. Hakuna anayefuga ili siku moja mnyama amwage buriani. Aidha, kulea kuna maana ya pili, ya lawama: mzazi anayemlea mno mwanawe humdekeza, na anayelea maovu huyaachia yakaota mizizi. Maana hiyo ya pili itahitajika baadaye.

Je, mchezaji humlea Dratini au humfuga? Jibu halimo katika kauli bali katika njia za kumpata. Katika Red na Blue, matoleo yaliyofika Marekani mwaka 1998, njia ni mbili. Ya kwanza ni kumvua kwa ndoana katika mbuga ya wanyama, ambamo mchezaji hulipa 500 za fedha ya nchi hiyo, akapewa mipira 30 ya kunasia na hatua zipatazo 500 za kutembea, kisha hutolewa nje. Ya pili ni kumnunua. Katika mji wa Celadon mna ukumbi wa kamari ambao zawadi zake hulipiwa kwa sarafu za ukumbini. Katika Red, Dratini ana bei ya sarafu 2,800. Katika Blue, sarafu 4,600. Sarafu 50 huuzwa kwa fedha 1,000, hivyo asiyetaka kucheza kamari anaweza kumnunua mwanajoka kwa 56,000 katika toleo moja na kwa 92,000 katika jingine. Ni yuleyule mwanajoka. Kilichotofautiana ni soko.

Msomaji atazame kwa makini mahali penyewe. Ukumbi huo ni ganda tu. Chini yake yamefichwa maskani ya Team Rocket, genge la wahalifu ambalo mchezo mzima unalilaani kwa sababu linawafanya viumbe kuwa bidhaa. Shujaa huteremka huko, akawashinda wahalifu na mkuu wao, kisha hupanda ngazi na kurudi ukumbini. Dirisha la zawadi bado liko wazi. Dratini bado yuko rafuni, na bei yake haikubadilika. Kauli imelaani biashara ya viumbe. Kanuni imemhifadhia mlaani nafasi yake kwenye foleni ya wanunuzi. Hakuna mhusika anayeliuliza jambo hilo, na hakuna kitufe ambacho mchezaji angelibonyeza ili aulize. Ukimya huo ni sehemu ya matini sawasawa na maneno yake.

Suala la utii linaongeza uzito. Kiumbe aliyenaswa na mchezaji mwenyewe humtii daima, hata akiwa na daraja kubwa namna gani. Kiumbe aliyetoka kwa mtu mwingine, akipita daraja fulani, hukataa amri mpaka mchezaji awe na beji inayotakiwa. Hivyo, utii hautokani na muda walioishi pamoja, wala na wema, wala na ukali. Unatokana na hati: ama wewe ni mnasaji wa kwanza, ama una nishani. Huu si uhusiano wa mlezi na mleliwa. Ni uhusiano wa mwenye mali na mali yake, na lugha yetu inalo neno lake.

Mizani ya makuzi

Wapo watakaosema kwamba kuhesabu madaraja si kazi ya mhakiki wa fasihi. Ni pingamizi la ajabu kutoka kwa watu waliofunzwa ushairi wa Kiswahili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huhesabu mizani. Hujua kwamba mshororo wa utenzi una nane, na kwamba ubeti uliopungukiwa umepungukiwa na kitu zaidi ya silabi. Tangu Kaluta Amri Abedi achapishe Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na tangu Euphrase Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974, wahakiki wetu wamebishana bila kuchoka ikiwa sheria za utungo ni mwili wa shairi au ni nguo yake. Kambi zote za mgogoro ule zilikubaliana bila kujua juu ya jambo moja: kwamba kanuni hubeba maana. Kama isingekuwa hivyo, kuzivunja kusingemuudhi mtu.

Basi na tuhesabu. Dratini yumo katika kundi la viumbe wanaokua polepole. Ili afike daraja lolote, pointi za tajiriba anazohitaji ni mara tano ya daraja hilo likizidishwa lenyewe kwa lenyewe mara tatu, kisha kugawanywa kwa nne. Daraja la 15 linahitaji takriban pointi 4,218. La 30, pointi 33,750. La 55, pointi 207,968. Na la 100, ambalo ndilo kilele, pointi 1,250,000. Anayempokea Dratini wa daraja la 15 na kumfikisha 55 atakuwa amekusanya pointi 203,750, na katika hizo 174,218, yaani takriban asilimia 85, ni za kipindi cha Dragonair, baina ya 30 na 55. Huo ndio umbo la hadithi hii. Utoto wake ni mfupi. Ubarobaro wake, wakati ambapo joka si dogo tena wala halijawa kubwa, ndio unaomeza karibu safari nzima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa mchezo unamwinamisha mchezaji muda mrefu kuliko anavyotazamia.

Jambo hilo ni la fani, na ni la kusifiwa. Hapana maelezo yanayosema kwamba ubarobaro ni mrefu. Mchezaji huuishi urefu wenyewe. Riwaya ingehitaji sura nyingi kulifikisha jambo hilo, na huenda ingemchosha msomaji kabla hajalielewa. Wanaodharau michezo hii wangeanzia hapa, wangegundua kwamba kuna uwezo wa kisanaa ambao kitabu hakina.

Lakini lazima iulizwe pia pointi hizo hutoka wapi. Katika matoleo yanayojadiliwa hapa, kila pointi inayotoka uwanjani hupatikana kwa sababu kiumbe mwingine amezirai. Kuna njia za kando. Mchezaji anaweza kumwacha mwanajoka kwa mtunzaji wa kulipwa, ambaye kwake pointi huongezeka moja kwa kila hatua anayotembea mchezaji akiwa mbali. Anaweza pia kumlisha peremende adimu zinazompandisha daraja papo hapo bila jasho. Kwa peremende hizo Dragonair wa daraja la 54 hugeuka Dragonite kama kawaida. Yaani kanuni haijali kama daraja limepatikana kwa vita au kwa peremende. Haijali ni nani aliyekuwapo. Hujali hesabu imetimia. Methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo haina mahali pa kukaa katika mfumo huu, kwa kuwa Dratini aliyepuuzwa na Dratini aliyeenziwa huota mabawa yaleyale siku ya daraja lilelile.

Mtihani wa mzee

Watetezi wa kambi ya pili wana ushahidi wanaoutegemea sana, nao unastahili kusikilizwa. Katika toleo la Crystal, lililotoka Japani mwaka 2000, mchezaji humshinda Clair, wa ukoo wa wafugaji majoka katika mji wa Blackthorn. Clair hukataa kumpa beji, akamtuma kwenye Pango la Majoka akakutane na mzee wa ukoo. Mzee hamjaribu kwa vita. Humuuliza maswali matano: viumbe hawa ni nini kwako, ni nini kinachokusaidia kushinda, ungependa kupambana na mkufunzi wa namna gani, ni jambo gani muhimu zaidi katika kulea, na je, wenye nguvu na wanyonge, ni wepi walio muhimu. Miongoni mwa majibu yanayokubaliwa ni kwamba viumbe ni marafiki, kwamba ushindi huletwa na mbinu, kwamba mtu hupambana na yeyote, kwamba jambo muhimu katika kulea ni upendo, na kwamba wenye nguvu na wanyonge ni muhimu sawa. Baadaye mzee humkabidhi mchezaji Dratini wa daraja la 15, na kwa yule ambaye hakukosea hata swali moja tangu mwanzo, Dratini huyo huja na pigo maalumu la kasi liitwalo ExtremeSpeed.

Ni tukio zuri. Lina sura ya jando: pango, mzee, maswali, zawadi. Kambi ya pili husema: tazameni, hapa malezi yametamkwa kuwa upendo. Ni kweli, yametamkwa. Lakini zawadi ya kujibu kwamba malezi ni upendo ni silaha. Tena, aliyekosea swali hakufukuzwa. Huulizwa tena mpaka apatie, kama mwanafunzi anayekariri majibu ya mtihani.

Na kuna lililo zito zaidi. Katika kizazi hichohicho cha matoleo, kuanzia Gold na Silver za mwaka 1999, mchezo huweka kwa siri idadi ya urafiki baina ya kila kiumbe na mwenyewe, kutoka 0 hadi 255. Idadi hiyo huongezeka kwa kutembea pamoja na kwa kutunzwa, na hupungua kiumbe anapozirai. Wapo viumbe ambao hugeuka umbo kwa urafiki huo tu: Golbat hawi Crobat mpaka urafiki ufike 220. Popo, basi, amewekewa sheria ya upendo. Dratini, ambaye malezi yake ndiyo yaliyotungiwa mtihani wa upendo pangoni, hakuwekewa. Anaweza kuwa na urafiki wa 0 na bado akapaa. Watunzi walikuwa na kifaa mkononi cha kuifanya kauli ya mzee iwe kweli katika mwili wa joka, nao hawakukitumia. Mhakiki anayelisifu pango bila kulitaja jambo hili amesikia hotuba ya kiongozi, akaisifu sera bila kusoma bajeti.

Sheria na mwenye enzi

Ushahidi wa mwisho kutoka ndani ya matini ni wa Lance, binamu wa Clair na bingwa wa nchi. Ni yeye anayesimama kama kielelezo cha mlezi wa majoka. Wahusika wote humtaja kwa heshima. Mchezaji anapomfikia katika Gold na Silver humkuta na Dragonite watatu. Wawili wana daraja la 47 na mmoja daraja la 50. Msomaji anayekumbuka hesabu ya awali ataona kasoro mara moja: Dragonite hawezi kuwapo chini ya 55. Clair, aliye chini ya Lance kwa cheo, ana Dragonair watatu wa daraja la 37, na wote ni halali. Sheria inambana binamu, haimbani bingwa. Na toleo jipya la mwaka 2009, HeartGold na SoulSilver, lililokuwa na nafasi ya kusahihisha, halikuwafikisha Dragonite wa Lance daraja la 55 katika pambano la kwanza.

Itasemwa kwamba ni suala la uwiano tu. Kwamba watunzi walitaka bingwa awe na majoka makubwa bila kuwa mgumu kupita kiasi. Huenda. Lakini nia ya mtunzi haijawahi kufuta kilichoandikwa, na kilichoandikwa ni hiki: subira ya pointi 174,218 ni wajibu wa mtoto anayecheza, nayo si wajibu wa mtawala anayemngoja mwisho wa njia. Mwenye nguvu mpishe. Tena, ni Lance huyohuyo ambaye katika duka la mji wa Mahogany humwamuru Dragonite wake ampige mtu kwa pigo la Hyper Beam, mbele ya mchezaji, na matini haimkemei. Mtu aliyepigwa ni mhalifu, ndiyo. Lakini mtihani wa pangoni haukusema kwamba upendo una vighairi.

Paka wa Sultani Majnun

Kwa nini mpishano huu uwahusu wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili? Kwa sababu fasihi simulizi yetu imekwisha kulijadili suala la mnyama anayekuzwa, na imelijadili kwa ukali ambao mchezo haukuuthubutu. Katika mkusanyo wa Edward Steere, Swahili Tales, uliochapishwa London mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Unguja, imo hekaya ya Sultani Majnun. Sultani ana paka. Paka hukamata kuku, watu hulalamika, Sultani hujibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Paka hupanda kutoka kuku hadi wanyama wakubwa zaidi, kisha hadi watu, na kila mara jibu la kumlinda ni lilelile. Hatimaye huwaua hata baadhi ya wana wa Sultani. Hapo ndipo baba anapokiri kwamba huyu si paka tena. Amekuwa nunda, mla watu.

Hekaya hiyo nayo ina ngazi, na mnyama wake hupanda daraja kwa daraja kwa kushinda wanyama wengine, sawasawa na Dratini. Tofauti ni kwamba hapa kila daraja lina mlipaji. Kuku ana mwenyewe, mtoto ana mamaye, na idadi ikitimia mnyama humgeukia aliyesema mali yote ni yangu. Kanuni ya hadithi na kauli ya hadithi ni kitu kimoja: Sultani alilea, kwa ile maana ya pili, na malezi yakajibu. Zaidi ya hayo, anayekua kweli ni kitinda mimba wa Sultani, anayetoka kumtafuta nunda. Huua mnyama mmoja baada ya mwingine, akimletea mamaye na kudhani kila mmoja ndiye, naye mama humwambia siye, mpaka siku anapompata mwenyewe. Kijana huyo naye hukusanya viumbe na majina yao. Lakini kila jina analokosea linamfunza, na kila safari anarudi kwa mtu anayempenda na kumwambia ukweli. Daftari la Pokémon halimwambii mchezaji kwamba amekosea. Humwambia tu kwamba bado.

Halisemwi hapa ili kudai kwamba cha kale ni bora na cha kigeni ni duni. Hoja hiyo ni ya uvivu, na imeidhoofisha taaluma yetu kwa miaka mingi. Linasemwa ili kuonyesha kwamba kigezo kipo, kiko karibu, na hakikuazimwa.

Pingamizi la mwisho

Pingamizi moja halina budi kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa lina ukweli. Wachezaji huwapenda wanajoka wao. Huwapa majina, hukataa kuwabadilisha na wengine, huwabeba wakiwa dhaifu ilhali viumbe wenye nguvu wamejaa kila kichaka. Wapo wanaobonyeza kitufe cha kuzuia mgeuko ili Dragonair abaki nyoka, kwa sababu wameupenda uzuri wake kuliko nguvu za Dragonite. Je, upendo huo ni uongo?

Si uongo hata kidogo. Lakini haukuandikwa na mchezo. Umetungwa na mchezaji, juu ya kanuni ambazo hazimwombi upendo wala hazimlipi. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanalijua jambo hili kwa jina la utendaji: matini hukamilika pale fanani na hadhira wanapokutana, na mengi yaliyo bora katika ngano hayamo katika maneno yaliyonakiliwa. Mchezaji anayemzuia Dragonair asigeuke ni fanani. Amelikataa lengo la kanuni akaleta lake. Kambi ya pili humnyang'anya sifa hiyo na kumpa mtunzi. Kambi ya kwanza humwita mtoto anayepoteza wakati. Zote mbili zimempita kiumbe pekee katika hadithi hii ambaye amelea kweli.

Hitimisho

Mwanajoka wa mchezo si wa kudharauliwa, na wala si wa kubebwa juujuu kwa istilahi za riwaya. Ni matini yenye sauti mbili, ambamo mzee wa pangoni hufundisha upendo huku hesabu ikifundisha kwamba upendo hauhesabiwi. Mamilioni ya watoto wamezisikia sauti zote mbili kwa wakati mmoja, na mtu hujifunza zaidi kutokana na kile anachotakiwa kukitenda mara elfu kuliko kile anachoambiwa mara moja. Ikiwa idara za fasihi hazitawafunza wanafunzi wao kuipambanua kauli na kanuni, ujuzi huo hautakosekana kwenye mchezo peke yake. Utakosekana pia kwenye katiba, kwenye mkataba wa kazi, kwenye tangazo la mkopo, na kila mahali ambapo neno malezi hutamkwa na wanaofuga.